Karatasi ya Mbwa Wetu Lomami

Kindu, siku moja kabla ya treni

Ngalula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko uani, unapiga pasi blauzi ile ile kwa mara ya pili, na unaimba vibaya. Nakusikia kupitia dirisha. Nimekuambia kichwa kinaniuma ili uniache peke yangu chumbani, na kichwa hakiniumi hata kidogo. Huo ni uwongo mdogo wa leo asubuhi. Barua hii ni habari ya uwongo mwingine, mkubwa na wa zamani, na nimejaribu mara tatu wiki hii kukuambia kwa mdomo nikashindwa.

Jana nilipokuwa nakupangia nguo niliikuta karatasi ya Lomami ndani ya valizi yako, katikati ya vitenge viwili, umeitia kwenye plastiki isije ikakunjika. Nikakuuliza inakwenda wapi. Ukaniambia, kwa furaha yako yote, kwamba Mzee Wabenga wa Alunguli amekupa fedha umtafutie mbwa huko Lubumbashi, mbwa wa mbegu safi kama yule aliyekufa kwake, na kwamba utawaonyesha wafugaji karatasi hii ili wakupatie mtoto wa ukoo ule ule wa Lomami. Mimi nikatoka kwenda kuteka maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kutembea na wenzako ukitoka kwenye masomo. Baba yako amekwisha kuimba hizo mpaka wewe mwenyewe unamjibu kiitikio. Mimi nina jambo moja tu, na naona vidole vyangu vinalikwepa. Basi niliseme kwanza, kisha nieleze: karatasi hiyo ni ya uwongo. Usimwonyeshe mtu.

Sasa nimesimama, nimekaa tena. Treni imepiga honi. Nimekwenda mpaka mlangoni kutazama kama kweli ni yenyewe, na ni yenyewe, imefika, kwa hiyo kesho asubuhi itaondoka. Nilikuwa natumaini itachelewa siku mbili tatu kama kawaida yake. Safari hii imeshika adabu.

Sikiliza. Ulikuwa mdogo sana mwaka ule wa majina, hukumbuki. Serikali ilikuwa imetoa amri kila mtu aache jina la ubatizo achukue jina la wazee wake. Mimi nilikuwa daktilo, mpiga chapa kwa mashine, katika ofisi ya mizigo ya reli, na orodha yote ya wafanyakazi ilipita mikononi mwangu. Kushoto jina la zamani, kulia jina jipya, mstari baada ya mstari, wiki nzima, mpaka nikawa nawaona watu barabarani nawapigia mstari kichwani. Mimi mwenyewe nilijifuta na kujiandika upya kwa mashine ile ile. Kumbuka hilo, maana ndipo niliponaswa.

Wakati huohuo nilikuwa nimeingiwa na tamaa ya mbwa. Si mbwa hawa wetu wa kawaida. Nilitaka yule wa Kijerumani, wa masikio yaliyosimama na mgongo mweusi, ambaye wazungu wa reli walikuwa wakimfunga kwenye mabaraza yao. Niliona kwamba wakubwa wapya wanaohamia katika nyumba zile watawataka mbwa wale wale. Nikasema moyoni, nikipata jike mmoja wa mbegu safi, nitauza watoto wake kwa wakubwa hao, na sisi tutapumua. Baba yako alicheka. Alisema mtu anayepanda gari la mizigo kwenda kazini hana haja ya mbwa mwenye ukoo.

Nilianza vizuri, ujue. Nilikwenda kwanza kwa sista mmoja mzee wa misheni aliyekuwa akifuga mbwa hao nyuma ya zahanati. Jike wake alikuwa amezaa. Yule sista hakunikaribisha hata kiti. Aliniuliza mbwa atalala wapi. Aliniuliza mchana nani yuko nyumbani. Aliniuliza nyama nitapata wapi, na kama nimewahi kumfuga mnyama akafa, na alikufa na nini. Mwisho akaniambia watoto wote wana wenyewe, ningoje uzao mwingine, na siku hiyo nije na mume wangu na mtoto wangu, awaone. Nilitoka pale nimefura. Nilimwambia baba yako kwamba mwanamke yule ana dharau ya kikoloni, anataka kunichunguza kama vile naomba kumwoa mbwa wake.

Wiki chache baadaye akashuka kwenye treni bwana mmoja amevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, na kikapu mkononi. Alikuwa ametajiwa jina langu na watu wa kituo. Hakuniuliza kitu. Aliniita sitwayeni, mwananchi, kama ilivyoamriwa, akanisifia usafi wa ofisi, akafunua kikapu. Lomami alikuwa humo, mdogo kama kiatu, amesinzia. Kisha akatoa karatasi.

Ngalula, karatasi nzuri ni ugonjwa wangu. Ilikuwa na mistari miwili ya rangi pembeni, mihuri minne, ukoo wa vizazi vitatu umechorwa kama matawi. Na majina yote ya mbwa yalikuwa yamepigwa mstari, Diane sijui, Rex sijui, na juu yake yameandikwa majina mengine: Luvua, Lualaba, Luapula. Nikamwuliza bwana yule hiyo mistari ni ya nini.

“Sitwayeni, usiogope,” akaniambia. “Hata mbwa imetii sheria. Majina ya wazungu tuliyakata. Babu yake njo huyu, Luapula. Baba yake njo Lualaba. Na huyu mutoto anaitwa Lomami.”

Mtu mwingine yeyote duniani angecheka na kumfukuza. Mimi niliona ni jambo la haki kabisa. Wiki nzima nilikuwa nimewakata watu majina, kwa nini mbwa wabaki? Karatasi isiyokuwa na mistari ile ndiyo ambayo ningeitilia shaka. Nikamwuliza tu habari ya masikio, maana yalikuwa yamelala.

“Masikio itasimama, mama. Akimaliza kuota meno, itasimama.”

Nikauliza mama yake yuko wapi, nimwone. Akasema yuko Lubumbashi kwa mkubwa mmoja, hapatikani hivi hivi. Nikaridhika. Chini ya karatasi iliandikwa namba, na ilielezwa kwamba namba hiyo imechorwa kwa wino ndani ya sikio la mbwa. Mbwa alikuwa mapajani mwangu, sikio lake liko chini ya kidole changu, na sikulifunua. Nilikuwa nasoma karatasi.

Mengine unayakumbuka. Masikio hayakusimama. Mkia ulijikunja. Miguu ilibaki mifupi, na baba yako alikuwa akimwita kwa heshima, “Bibi mwenye masikio ya mbuzi.” Lakini alikuwa mbwa mzuri, mpole kwako, mkali kwa katekista peke yake, na aliishi mpaka juzi juzi hapa. Sina neno baya juu ya Lomami. Yeye hakuandika kitu.

Sasa sikiliza pale ambapo hukuwepo. Lomami alizaa watoto watano, na baba yao alikuwa mbwa wa mlinzi wa depo, yule mwenye jicho moja. Wakati ule serikali ilikuwa imewagawia wananchi mali za wageni, wenye maduka wapya walikuwa wakitafuta mbwa wa getini, na habari zilikuwa zimeenea kwamba mimi nina mbwa wa makaratasi. Walikuja wenyewe. Nikaichukua karatasi ya Lomami ofisini, saa ya mapumziko, nikaiweka kando ya mashine ili niige mpangilio wake kwa ajili ya watoto. Nikapiga mstari wa kwanza, nikatazama karatasi ya yule bwana, nikapiga wa pili, nikatazama tena.

Herufi a ilikuwa imevunjika mkia. Chini ya muhuri wa Ulaya, mahali pa babu, a imevunjika mkia na imeshuka kidogo chini ya mstari. Kwenye cheti cha chanjo cha Lubumbashi, miaka kumi baadaye, a ile ile, imeshuka vile vile. Kila mashine ina kilema chake, na daktilo anakijua kama anavyojua kikohozi cha mumewe. Vizazi vitatu vya mbwa, nchi mbili, waganga wanne wa wanyama, na wote wameandikwa kwa mashine moja, pengine kwa siku moja. Nilikaa na karatasi ile miezi mingi ukutani kwangu, mimi ninayelipwa mshahara kwa kutazama herufi, na sikuwa nimeiona.

Basi nilijua saa ile. Hapo ningeweza kusimama, na watu wangenicheka mwezi mmoja kisha wakanisahau. Badala yake nikachomoa karatasi nyingine nyeupe, nikaendelea. Nilipiga karatasi tano. Mahali pa baba niliandika “Lualaba wa Pili”. Niliandika chanjo ambazo hakuna sindano iliyopigwa, na tarehe zake. Nilipiga muhuri wa mizigo ya reli upande wa pembeni, ukiwa umefifia kidogo ili usisomeke. Na ukitaka kujua nilisikia nini, nilisikia raha ya kazi iliyopangika vizuri. Nalisema hili kwa sababu siku moja utaisikia raha hiyo, na ningependa uitambue.

Mmoja wa watoto wale wewe ulimpa jina, Sukali. Ndiye aliyekuwa akitoka uchafu machoni. Ulikuwa ukimfuta kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, asubuhi na jioni, kabla ya shule. Uliniambia, “Mama, anakohoa.” Nikakuambia amemeza vumbi. Siku ile ile alasiri Mzee Wabenga alivuka mto kutoka Alunguli, akamchagua Sukali kwa sababu alikuwa mtulivu kuliko wote. Mtulivu! Alikuwa na homa. Nikampangusa macho kwa pembe ya kitenge changu, nikampa mzee pamoja na karatasi yake.

Ulilia siku mbili, na wiki chache baadaye ukasikia hadithi ambayo Kindu nzima iliisikia: kwamba mbwa wa Mzee Wabenga alitiwa sumu na mdogo wake, Kikuni. Uliikasirikia sana habari hiyo. Ulikuwa na miaka minane, ukasimama mbele ya baba yako ukasema utasomea dawa za wanyama ili mtu mbaya akimtilia mbwa sumu, wewe umponye. Sisi wote tukakupigia makofi. Mimi pia nilipiga makofi.

Kikuni hakumtilia mtu sumu. Sukali alikufa kwa ugonjwa ule wa mbwa unaoanza machoni na puani, ukashuka kifuani, ukamalizia kichwani. Utasoma jina lake huko. Mwishoni mnyama hutetemeka, hujipinda, hutoa povu. Mtu ambaye hajauona atasema ni sumu. Na Mzee Wabenga alikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana karatasi yangu ilimhakikishia kwamba mbwa ana chanjo zote, mbwa hawezi kuugua. Asiyeweza kuugua akifa, kuna mtu amemuua. Mzee akatafuta mtu, na hakwenda mbali. Kikuni ndiye aliyekuwa akilala kwenye ghala lao la mawese na mpunga kulilinda. Siku mbwa alipoletwa alinuna mbele ya watu, akasema, “Sasa miye niko nalinda nini?” Neno hilo moja likamtosha mzee.

Alimfukuza. Walikuwa wamekula sahani moja tangu kwao Pangi, watoto wa mama mmoja, na kazi ya mawese waliianza pamoja. Kikuni akaenda Obokote kukata mbao msituni, na mpaka leo hajavuka kurudi.

Lakini kabla ya kwenda, Ngalula, alikuja kwangu. Hili halijui hata baba yako. Alikuja ofisini, akasimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

“Mama, miye sikukuya na ugomvi,” akasema. “Ninauliza tu. Ile mbwa, mbele ya kuiuzisha, haikuwa na ugonjwa?”

Nikamwambia, “Iko mu karatasi, baba. Chanjo yote iko mu karatasi.”

“Karatasi niliiona. Ninakuuliza weye.”

Nikavuta karatasi kwenye mashine nikaanza kupiga barua ya ofisi. Sijui niliandika nini. Alingoja mpaka mwisho wa mstari, kengele ya mashine ikalia, mimi nikarudisha nikaanza mstari mwingine. Akavaa kofia yake, akatoka. Miaka kumi na moja imepita na bado naikumbuka kofia ile, ilikuwa ya majani, imetoboka juu.

Naacha hapa kidogo. Umeniita nije nione kama sketi imenyooka.

Imenyooka. Umenitazama usoni ukaniuliza kama nimelia, nikasema ni moshi. Naona kuacha uwongo siku moja ni kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

Utakwenda kumtafutia Mzee Wabenga mbwa, na sitaki uogope kila muuzaji kwa sababu ya mama yako. Wako wafugaji waaminifu. Mimi nilimpata mmoja nikamkimbia, kwa sababu aliniuliza maswali. Ukikutana na mtu anayekuhoji mpaka unaudhika, anayekuambia leo hapana, rudi na wenzako, rudi mwezi ujao, kaa naye hata kama moyo unachemka. Mwenye haraka ya kukupa mbwa ana haraka ya kuachana naye. Na uende kwake nyumbani. Yule bwana wa abakosti alinijia na kikapu, na mimi nikaona ni heshima. Kumbe angenipeleka wapi? Mwone mama wa mbwa akiwa na watoto wake, uone kama anakula, kama watoto wanamkimbilia. Uingie mahali wanapolala, unuse. Wewe una pua nzuri, ulijua Sukali anaumwa kabla ya kila mtu. Na ukimwona mmoja mnyonge pembeni, mtulivu, moyo wako utamtaka yeye. Najua, kwa sababu nimekuzaa. Mwulize mwenye mbwa kwa nini ni mtulivu, na umtazame yeye wakati anajibu.

Karatasi utaitazama mwisho. Ufunue sikio kwanza, useme namba iliyoko, ndipo yeye asome ya kwake. Akisema wino ulifutika wakati wa kuoga, muage kwa upole uende zako.

Lakini haya yote, mwanangu, ni ya kumwepuka mtu kama yule bwana. Yule nimemsamehe zamani, wala sura yake siikumbuki vizuri. Alichukua fedha yangu tu. Ninayetaka umjue ukimwona ni mtu kama mimi: mama wa watu, mwenye mtoto anayefuta mbwa macho, aliyetapeliwa kweli, na ambaye anaona kwamba kwa sababu alitapeliwa ana ruhusa. Huyo hana abakosti. Atakukaribisha chai. Sijui nikupe alama gani ya kumtambua, nimetafuta asubuhi nzima na sijaipata.

Saa saba. Sikai vizuri kwenye kiti hiki. Nimeandika yote haya na bado Mzee Wabenga yuko ng'ambo anangoja mbwa kama yule ambaye mdogo wake “alimuua”. Nikikupa wewe barua hii tu, nitakuwa nimekutwika wewe mzigo wangu, uende nao Lubumbashi pamoja na valizi. Navaa viatu.

Sasa ni jioni, taa bado. Nimerudi.

Nilivuka kwa mtumbwi wa saa nane. Mzee Wabenga alikuwa barazani kwake, anamimina mawese kwenye chupa kwa mrija. Amezeeka, Ngalula. Alifurahi kuniona.

“Kumbe ni Mama Ngalula! Mutoto anaondoka kesho? Umwambie mbwa ikuwe na nguvu. Niko peke yangu sasa.”

Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilisema karatasi niliandika mimi. Chanjo hazikuwako. Mbwa alikuwa na homa siku niliyomuuza na nilijua. Kikuni alikuja kuniuliza na nikamjibu kwa karatasi. Yalikuwa maneno machache tu, yote yalikwisha kabla chupa moja haijajaa. Kisha ikajaa, mafuta yakamwagika mezani, yakashuka kwenye magoti yake, naye hakuondoa mrija.

“Kwa hiyo haikukuwa sumu,” akasema.

“Haikukuwa, mzee.”

“Miye nilimufukuza mutoto wa mama yangu. Mvua inanyesha. Akatoka na godoro ku kichwa.”

Nilidhani atanitukana, na ningependa anitukane. Kuku wakaja kunusa mafuta chini. Mwisho akauliza kesho ni siku gani, nikamwambia. Akasema, “Kesho kuko kamio ya Lubutu. Inapita Obokote. Inaondoka mbele ya jua kutoka. Utakuya.”

Nikamwambia nitakwenda naye kwa lori, naapa, lakini anipe siku moja, kwa sababu kesho mtoto wangu anapanda treni. Nikamwambia ni mtoto wangu wa pekee, na sijui atarudi lini. Nilimwomba kama nilivyowahi kuomba mara chache. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kusema.

“Na Kikuni alipandia kamio pale barabarani. Nani alimusindikiza?”

Akaniambia hivi: Kikuni akisikia habari hii kwa mdomo wake yeye mzee, atadhani ni kaka tu, amezeeka, anataka apate mtu wa kumzika. Lakini akisikia kwa mdomo wangu ataamini. Na kamio nyingine itapita lini, nani ajuaye, barabara ile mvua ikishaanza inafungwa. Magoti yake yamechoka. Hataki kungoja.

Nilipokuwa nashuka kwenda mtoni aliniita tena. Alisema, “Mbwa alete. Amwone mama ya ile mbwa na macho. Lakini karatasi, muuzaji abakie nayo.”

Kwa hiyo kesho usinitafute kituoni. Ukiamka nitakuwa nimekwisha kuvuka. Baba yako atakupa barua hii pamoja na chai, na yeye ndiye atakayebeba valizi. Nimemwambia yote jioni hii, nyuma ya nyumba. Aliuliza tu, “Kikuni alikuja ofisini kweli?” kisha akaenda kuokota kuni wakati kuni zipo. Umwache. Atasema atakapoweza.

Najua umenipangia mahali pa kusimama, karibu na tangi la maji, ili unione kutoka dirishani. Nilikuitikia juzi kwa moyo wote. Miaka kumi na tisa nimekulea nikiiwaza siku hiyo, nitavaa nini, nitakupungia kwa mkono gani, nitazuiaje machozi. Sasa nina hasira na sijui namkasirikia nani, maana Mzee Wabenga ana haki, na Kikuni ana haki, na wewe pia una haki ya kumwona mama yako. Aliyeninyima siku hiyo ni mimi mwenyewe, ile saa ya mapumziko nilipopiga karatasi tano.

Pengine utasoma haya ukasema hutaki tena kusomea wanyama, kwa sababu sababu yako ilikuwa ya uwongo. Sitakulaumu, lakini nakuomba ufikiri. Kabla ya hadithi ya sumu kuwako, wewe ulikuwa umechuchumaa uani na bakuli la maji ya chumvi, ukaniambia mbwa anakohoa. Hiyo ilikuwa kweli. Wewe ndiye pekee uliyesema kweli katika nyumba hii siku hiyo, nami nikakuambia ni vumbi.

Sijui nitamwanzaje Kikuni. Tangu nivuke nimejaribu maneno, yote yanatoka kama barua ya ofisi. Labda hatanipokea. Labda atanifunga mlango mbele ya kaka yake, na tutarudi na kamio ile ile bila neno. Hata hivyo nitakaa hapo nje mpaka anisikie.

Nenda, Ngalula. Ukae dirishani, umpungie baba yako sana, hata kama anajifanya anatazama injini. Nisamehe. Na nisamehe zaidi kwamba wewe, mtoto wangu, nakuomba msamaha kwa kalamu. Kikuni nitamwomba kwa mdomo.

Mama yako